Viti Hupatikana Kabla ya Kura

Kabla ya Ikulu ya Marekani, Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, aliwakilisha wilaya ya 13 katika Seneti ya Illinois, upande wa kusini wa Chicago. Historia ya kiti hicho inastahili kusomwa na kila mpigakura.

Alice Palmer alikikalia mwaka 1991 kwa kuteuliwa. Alipowania Bunge la Marekani na kushindwa, alitaka kukirejea. Kambi ya Obama ilipinga uhalali wa sahihi za wadhamini wa wapinzani wake. Palmer akajitoa, wengine wakaenguliwa. Katika mchujo wa 1996, Obama alisimama peke yake. Baadaye mipaka ilichorwa upya, na wilaya ikapanda kaskazini kufuata ufuo wa ziwa hadi kwenye mitaa ya matajiri.

Obama alipoondoka mwaka 2004, Kwame Raoul aliteuliwa kumrithi. Raoul alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois mwaka 2019, Robert Peters naye akateuliwa.

Sheria haikuvunjwa, na walioteuliwa walikwenda kwa wapigakura baadaye. Hata hivyo, uamuzi mzito ulipita kwenye vikao vya chama, fomu za wadhamini na ramani. Kwetu pia, mchujo wa vyama na ugawaji wa majimbo ndiko kunakoamuliwa mengi. Anayengoja siku ya kura tu hukuta chungu kimeshaepuliwa. Wananchi wafuatilie hatua hizo, na tume za uchaguzi ziziendeshe hadharani.