"Bahari iko mbali" si jibu, mkulima wa Matombo

Ndugu mkulima, kauli hii imenichosha: "Barafu inayeyuka huko Ulaya, bahari iko Dar, sisi wa milimani inatuhusu nini?" Ni kauli ya uvivu, na itatugharimu.

Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Sababu kubwa ni mbili: maji yakipata joto hutanuka, na barafu iliyolala juu ya nchi kavu inayeyuka na kuingia baharini. Inayoelea haipandishi maji. Jaribu: weka vipande vya barafu kwenye glasi, jaza maji hadi ukingoni, subiri viyeyuke. Hayamwagiki. Sasa tumbukiza kipande kingine kutoka nje: yanamwagika. Kipande hicho cha nje ndicho Greenland na Antaktika. Barafu ya Greenland peke yake ikiisha yote, bahari itapanda kama mita 7. Itachukua karne nyingi, lakini kuyeyuka kumeshaanza.

Utasema waliochafua hewa ni mataifa tajiri. Kweli, na walipe. Lakini vyanzo vya Ruvu wanavilima wao?

Maji ya milima yetu yanaingia Ruvu, na Ruvu inamwaga baharini karibu na Bagamoyo. Mto ukipungua kiangazi, maji ya chumvi hupata nafasi ya kupanda mtoni. Bahari ikiinuka, yatapanda mbali zaidi. Anayeumia ni mkulima mwenzako wa bondeni. Dar nayo inakunywa Ruvu, na wewe mfanyabiashara, ndizi na karafuu zako zinaliwa Dar. Huko tayari umejengwa ukuta wa kuzuia mawimbi kando ya Barabara ya Barack Obama.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza.
2. Chimba makinga maji kwenye mteremko, mvua izame ardhini.
3. Usichome mabaki ya mazao. Yatandaze shambani.
4. Kwenye mwinuko mkali panda karafuu na mdalasini badala ya mahindi.

Jembe lako halitazuia barafu ya Greenland. Kuzuia Ruvu isikauke linaweza, na hilo hakuna wa kutufanyia.