MBWA SHENZI NI NANI?



Katika mjadala wa muhula uliopita wanafunzi wengi tulikubaliana kwamba Mkuu wa Shule aombwe kumwondoa Sijali, mbwa wa mzee mlinzi wetu, na mahali pake anunuliwe mbwa wa Kijerumani, yule mkubwa wa masikio yaliyosimama anayetumiwa na polisi. Sababu zilikuwa mbili: kwamba Sijali ni mbwa shenzi tu, na kwamba hatishi. Mimi nilikuwa mmoja wa walionyosha mkono. Leo naandika ili niushushe mkono ule.

Wengi wetu twadhani mbwa wa Kizungu waliumbwa bora na wa kwetu wakaumbwa takataka. Sivyo. Mbwa wote wa nyumbani asili yao ni moja, nayo ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia (si yule wa mabaka wa Serengeti). Wameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000. Tofauti kubwa tunazoziona leo zililetwa na watu, waliochagua dume gani azae na jike gani, kila mtu kwa kazi yake. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Mathalan, huyo mbwa wa Kijerumani. Mwaka 1899 Kapteni Max von Stephanitz, ofisa wa jeshi la farasi, alinunua dume mmoja, akamwita Horand, akaanzisha chama cha kukuza kizazi chake. Kazi yake ya asili haikuwa kukamata wezi, bali kuchunga kondoo. Dume ana kilo 30 hadi 40, mgongo mweusi na miguu ya kahawia, tena ni mwepisi wa kufundishika. Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918, Waingereza hawakutaka kusikia neno Kijerumani, wakamwita Alsatian, na chama chao cha mbwa hakikumrudishia jina lake mpaka 1977.

Mwingine ni Dobermann, mweusi, mwembamba, mwenye nywele fupi. Aliundwa katika karne ya 19 na Louis Dobermann wa mji wa Apolda, Ujerumani, ambaye alikuwa mtoza kodi. Watoza kodi hawapendwi popote, naye alitaka rafiki wa kumlinda njiani. Labrador naye ametokana na mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada. Nywele zake hazishiki maji, na mkia wake mnene humsaidia kuogelea. Ni mpole mno, ndiyo maana huwaongoza vipofu. Lakini mwizi akija, yamkini atapokewa kwa kutikiswa mkia.

Na Afrika je? Wakhoikhoi wa kusini walikuwa na mbwa ambaye nywele za mgongoni zimeota kinyumenyume kwa mstari mmoja. Walowezi walimchanganya na mbwa wao wa Ulaya, akapatikana Ridgeback, mbwa wa kumzuia simba mpaka mwindaji afike. Sifa zake ziliandikwa rasmi Bulawayo mwaka 1922. Tena kuna Basenji wa Kongo: mdogo, kilo kama 10 tu, paji la uso lina makunyanzi, mkia umejikunja juu ya kiuno. Habweki kama wengine, hutoa sauti kama ya kuimba, na wawindaji humfunga njuga shingoni ili wajue alipo porini. Jina lake Basenji ni ndugu wa neno letu “washenzi”. Basi neno tunalomtukania Sijali, wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaliandika katika vyeti vya nasaba na kumnunua mwenye jina hilo kwa fedha nyingi!

Pengine mtu atasema, “Hata hivyo, damu ndiyo tabia.” Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza mbwa zaidi ya 18,000. Waliona kwamba aina ya mbwa hueleza kama sehemu 9 tu katika 100 za tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Mengi yanayobaki yatoka kwingine, yakiwamo malezi.

Jambo hili nimeliona nyumbani. Mjomba wangu alinunua mtoto wa mbwa wa Kijerumani ili majirani wamwogope. Alimfunga mnyororo mchana na usiku, hakumtembeza, na sisi watoto tulimchokoza kwa vijiti. Siku moja mnyororo ulikatika, akamng'ata mdogo wangu mkononi. Mdogo wangu alichomwa sindano akapona, mbwa akauawa. Watu wote walisema, “Mbwa mbaya yule.” Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemfanya mbaya, nami sikusema kwamba kijiti kimoja kilikuwa changu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sasa tumwangalie Sijali. Usiku ule ghala la chakula lilipotaka kuvunjwa, ni nani aliyebweka mpaka mzee akaamka? Hajapata kumng'ata mwanafunzi hata mmoja, ingawa tumemrushia mawe. Chakula chake ni ukoko wa ugali. Huyo mgeni tunayemtaka atahitaji nyama kila mara, na sisi wenyewe nyama twaionja mara mbili kwa juma.

Hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, Sijali abaki, achanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zake zikitokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Pili, viranja wamzuie kila mwenye kumrushia jiwe. Tatu, tufundishwe sote kwamba aliyeng'atwa na mbwa yeyote, awe wa nasaba au wa jalalani, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, asingoje kuona kama ataugua.

Nanyi wazazi wetu, kama mwataka mbwa, msinunue jina. Ulizeni kwanza kama mna nafasi, chakula na subira ya kumlea.

Haya ni mawazo yangu tu. Mwenzangu asiyekubali na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha. Lakini kabla hajashika kalamu, na apite langoni jioni amwite Sijali kwa jina lake. Mimi nilifanya hivyo juma lililopita. Alisita kidogo, akautazama mkono wangu kama una jiwe, kisha akaja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne