Sauti ya Mtoto na Kumbukumbu ya Maneno

Mwanachuo aingiapo darasa la pili kwa mazoezi ya kufundisha hupokewa na sauti ambayo sote twaijua. Mwalimu hugonga ubao kwa fimbo, husema "ndizi", na watoto sitini huitikia "ndizi". Somo husikika hadi barabarani, na mwalimu mkuu apitaye dirishani huridhika.

Mimi siridhiki. Siku moja nilimwendea mtoto wa dawati la nyuma aliyekuwa akiitikia kwa nguvu kuliko wenzake, nikayaandika maneno yale yale kwa mpangilio mwingine. Hakuweza kusoma hata moja. Alikuwa ameshika wimbo, maneno hakuyashika.

Isidhaniwe kwamba nakataza kusoma kwa sauti. La hasha! Mwaka 2010 Colin MacLeod na wenzake, huko Kanada, walionyesha kwamba neno lililotamkwa na msomaji hukumbukwa vizuri kuliko lililosomwa kimya. Mwaka 2018 MacLeod na Noah Forrin walilinganisha njia nne: kusoma kimya, kumsikiliza mtu mwingine akisoma, kusikiliza sauti yako iliyorekodiwa, na kusoma mwenyewe kwa sauti. Hii ya mwisho ndiyo iliyoshinda. Hao walikuwa watu wazima; lakini mwaka 2015 Michal Icht na Yaniv Mama, huko Israel, waliona kwamba hata watoto wa miaka mitano hukumbuka zaidi maneno waliyoyatamka wenyewe kuliko waliyoyasikia tu.

Basi kosa la kiitikio ni lipi? Nionavyo mimi, mtoto anayeitikia hasomi: humfuata mwalimu kwa sikio, na macho yake yaweza kuwa nje kwenye mwembe. Tena liko jambo la pili ambalo walimu wengi hawalijui. Faida ya sauti huonekana zaidi pale ambapo maneno mengine hutamkwa na mengine husomwa kimya. Neno lililotamkwa hujitenga na wenzake, na kwa kujitenga huko hukumbukwa. Ukiyapigia kelele yote, hakuna lililojitenga.

Kwa hiyo nashauri hivi. Hadithi isomwe kwanza kimya, watoto wapate maana yake. Kisha mwalimu ateue maneno mapya matano au sita, na hayo tu ndiyo yatamkwe. Watoto wakae wawili wawili. Mmoja asome kwa sauti yake, mwenzake afuatishe kwa kidole kitabuni, kisha wapokezane. Hata katika darasa la watoto sitini, kila mmoja atakuwa amesoma kabla ya kengele kulia.

Kelele zitakuwapo, wala hazitapendeza kama kiitikio, na huenda mkufunzi anayekukagua akazihesabu kuwa upungufu. Mwombe asogee kwenye dawati lolote, ainame, asikilize.