«Ni ya Zamani» Si Jibu

Kuko neno moja ambalo tunalisikia sana kwa watu waliosoma, hata hapa kwetu Sange, na sisi tunataka kulipinga. Wanasema: kitu kilichotengenezwa kwa pembe ya tembo, kama ni cha zamani, hakina kosa. Tembo alishakufa, aliyemwua alishakufa, na fundi aliyechonga naye alishakufa. Sasa nani atalalamika? Kiti, sanduku, piano, kisu cha kufungulia barua, sanamu ya kuweka mezani kwenye salo, vyote vinapewa jina moja zuri, «antikite», na kwa jina hilo vinaoshwa.

Tuanze na tarehe, juu wenye kutetea neno hilo wanapendaka tarehe. Katika Umoja wa Ulaya, kitu cha pembe kilichochongwa kinahesabiwa kuwa cha kale kama kilitengenezwa mbele ya tarehe 3 Machi 1947. Tangu 2022 wameongeza ukali, mwenye kuuza anaombwa cheti, lakini mpaka ni ule ule. Msomaji atauliza: mwaka 1947 kulitokea nini? Tembo walipewa haki? Wakongomani walilipwa? Hapana. Sheria yao ilianza kazi mwaka 1997, wakahesabu miaka 50 kurudi nyuma, basi. Waingereza nao, kwa sheria ya 2018 iliyoanza kutumika 2022, wanaruhusu kitu cha mbele ya 1947 kama pembe iliyo ndani yake haifiki sehemu 10 kwa 100. Na kama kitu ni cha thamani kubwa sana ya sanaa, kiwe cha mbele ya 1918. Hizo ni hesabu za biro. Zinauliza umri wa kitu na kiasi cha pembe. Haziulizi pembe ilitoka kwa nani, wala kwa nguvu gani.

Sisi tunaweza kujibu kidogo, kwa sababu njia moja ilipita hapa kwetu. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuzoea kituo hicho, wananunua pembe na wananunua watu. Soko lilikuwa moja. Nyuma yao Muhammad bin Khalfan, yule aliyeitwa Rumaliza, akatoka Ujiji na kueneza nguvu yake upande huu wa kaskazini wa ziwa. Mzigo ulishuka kwa mtumbwi mpaka Ujiji, halafu kwa miguu mpaka Tabora na Bagamoyo, halafu kwa chombo mpaka Unguja. Jino kubwa lilizidi frasila mbili, na lilibebwa begani. Wapagazi wengine, kama Wanyamwezi wengi, walifanya kazi ya mshahara. Wengine walikuwa watumwa. Kutoka Unguja pembe ilikwenda Bombay kuwa bangili, London kuwa mipini ya visu na mipira ya biliadi, na Connecticut kule Marekani kuwa vibao vya piano. Kule Connecticut kuko hata mji mdogo ambao waliuita Ivoryton, yaani mji wa pembe, na tembo hajakanyaga pale.

Msichana aliyepiga piano hiyo mwaka 1890 hakujua Uvira iko wapi. Hatumlaumu yeye. Tunamlaumu mwuzaji wa leo, ambaye anaweza kujua, na bado anaandika kwenye karatasi ya mnada paka neno «antikite» na bei.

Halafu akaja Leopold II na Dola lake Huru la Kongo, «huru» kwa jina tu. Pembe ikawa mali ya dola, na Antwerp ikawa soko kubwa la pembe. Ilipofika maonyesho ya 1897 kule Brussels na Tervuren, dola liliwapa wachongaji wa Kibelgiji pembe ili waonyeshe faida ya koloni. Charles Van der Stappen alichonga mwaka huo uso wa mwanamke ulio kimya, kidole mdomoni, anaitwa «Sphinx mystérieux». Philippe Wolfers alichukua jino la tembo akalipamba kwa feza: bata-maji anapigana na joka. Kazi hiyo aliiita «Civilisation et Barbarie», Ustaarabu na Ushenzi, na ilipewa Edmond van Eetvelde, mkubwa wa utawala wa Kongo. Tunakubali kwamba mafundi hao walikuwa na mikono ya ajabu. Lakini tunauliza, na swali letu si la mzaha: katika mwaka ule wa 1897, watu wetu wakipigwa kwa ajili ya mpira na pembe, joka alikuwa nani?

Kuko wanaotujibu: «Hata nyinyi Waafrika mlichonga pembe.» Ndiyo, tulichonga, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Pwani kuko siwa ya Pate, ya pembe, ndefu kupita mtu, iliyopigwa kwa shughuli za wakubwa. Kuko viti vya enzi vya Lamu, mti mweusi na vipande vya pembe, ambavyo havikukaliwa na kila mpita njia. Na karibu na sisi, upande wa Mwenga na Shabunda, kuko Barega.

Kwetu Wafuliiru, tukisema bwami tunafikiri kiti cha mwami na utawala wake. Kwa Barega, na hata kwa ndugu zetu Wabembe wa Fizi, bwami ni chama cha mafundisho, chenye ngazi nyingi, mtu anapanda kidogo kidogo. Mwenye kufika ngazi ya juu kabisa, kindi, ndiye aliyeruhusiwa kuwa na sanamu ndogo na barakoa za pembe. Kila kimoja kilikuwa na neno lake: mzee mwenye hekima, mwenye tamaa, mtu mgomvi anayeharibu nyumba. Kilitolewa katika mfuko, kikapakwa mafuta, kikachezwa na kuimbiwa, halafu kikarudi mfukoni. Mwenyewe akifa, kilikaa kaburini kwa muda na kisha kikaenda kwa aliyerithi nafasi yake. Haikuwa pambo. Ukikitenga na maneno yake, unabaki na mfupa mzuri.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulikataza bwami. Mwaka mmoja tu nyuma ya ile tarehe yao ya 1947! Wazee wakaanza kuficha, kuuza, kuacha. Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji, aliandika mengi juu ya mambo hayo kati ya miaka ya 1950 na 1970, na bila kazi yake tungekuwa na giza zaidi. Lakini vitu vyenyewe vingi viko Ulaya na Marekani, chini ya taa, vimeandikwa «Lega, ivoire», hakuna jina la mwenyewe wala la kijiji.

Wenzetu wengine wa hapa nao wanasaidia ubaya huo. Mmoja anachoma vitu vya babu yake, anasema ni vya shetani. Mwingine anaviuza kwa mpita njia kwa makuta ya wiki moja. Huyo wa kwanza na huyo wa pili hawapatani kanisani, lakini kazi yao ni moja.

Tena jina hilo la «zamani» linawaficha wezi wa leo. Mataifa yalikubaliana Oktoba 1989 kufunga biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Pamoja na hayo, katika vita vya 1996 mpaka 2003 tembo wa upande wa mlima wa Kahuzi-Biega waliuawa karibu wote. Jino jipya likichongwa na kulowekwa katika chai, linakuwa la rangi ya babu. Kijana wa Sange, ukimwambia tembo, atafikiri chupa ya bia.

Mwaka 2022 Ubelgiji ulitunga sheria ya kurudisha vitu vya koloni. Inahusu vitu vya serikali, si vya mtu binafsi wala vya mnada. Mwaka huo huo Mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa ya Wasuku, kwa mkopo. Mkopo! Tunaomba wenye kuuza na kununua waandike asili, si umri peke yake: jino lilitoka wapi, lilipita kwa nani. Asiyejua aandike hivyo, hajui, na bei ishuke.

Na hapa kwetu, chama kifungue daftari mwaka huu, toka Sange mpaka Uvira: kitu gani cha kale, kiko kwa nani, alikipata kwa nani, kilifanya kazi gani, na maneno gani yanakwenda nacho. Hakuna mtu atakayenyang'anywa kitu nyumbani mwake. Wazee wanaojua maneno hayo waulizwe wa kwanza, kwa lugha yao, na vijana wawili wa sekondari wakae pembeni waandike.