Usimfungie kasuku bila kazi

Watu wa mjini wanapofuga kasuku hujali mambo mawili tu, chakula na maneno. Ndege akishajaziwa mbegu na kufundishwa kusema "karibu", mwenyewe huona wajibu wake umekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo taabu huanzia, kwa ndege na kwa watu wa nyumba hiyo pia.

Kasuku ana akili. Nchini Marekani, Profesa Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex kwa miaka 30 hivi, hadi ndege huyo alipokufa mwaka wa 2007. Alex aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Kiumbe wa aina hiyo akifungiwa tunduni peke yake kutwa nzima atajitafutia la kufanya, na aghalabu hujinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi ikaonekana. Huenda ni utitiri, lakini mara nyingi ni upweke.

Kokatieli, yule kasuku mdogo wa asili ya Australia mwenye kishungi, ndiye rahisi kumwelewa. Kishungi kikisimama wima, ameshtuka au kuna jambo analolichungulia. Kikilala bapa kichwani huku akifoka, usimsogezee kidole. Akisagasaga mdomo jioni, hana njaa. Yu karibu kulala na ametulia. Akipapatika kwa kishindo usiku wa manane, yamkini kivuli au mwanga wa gari umemtisha, basi mwachie taa hafifu.

Vya kuchezea si lazima vinunuliwe. Mpe gunzi la hindi, kijiti kisichonyunyiziwa dawa, au kijisanduku cha karatasi chenye mbegu ndani akipasue mwenyewe. Hapa Isiolo, katika hifadhi ya Buffalo Springs, wapo kasuku wa mwituni ambao dume lao lina tumbo la rangi ya machungwa. Watazame jinsi wanavyohangaika mtini kutafuta riziki. Ukimwekea wako chakula chote kikombeni asubuhi, umemnyang'anya kazi yake. (Hao wa mwituni waache huko huko, sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kuwachukua bila kibali.) Tena usimtundike chini ya mabati mchana. Akihema mdomo wazi na kutanua mabawa, joto limemzidi.

Sasa msomaji atauliza, daktari wa watu ana haja gani na vituko vya ndege? Haja ni kwamba kasuku huficha ugonjwa. Anayejua mazoea ya ndege wake ndiye hung'amua mapema yanapokoma: hachezi, amejitutumua manyoya, anasinzia mchana, kinyesi kimegeuka rangi. Huenda ana homa ya kasuku, ambayo humwingia binadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Mwaka wa 1929 na 1930 ilienea katika nchi nyingi kupitia kasuku waliouzwa masokoni, na watu wakafa.

Mgonjwa hupata homa, kichwa kuuma sana na kikohozi kikavu, kisha nimonia. Katika mji wetu wenye upepo kila kikohozi hulaumiwa vumbi la barabarani, na daktari asiyeambiwa habari za ndege ataandika amoksilini, ambayo haiponyi homa hii. Dawa yake ni doksisaiklini, ingawa mjamzito huchaguliwa nyingine. Kwa hiyo ukienda hospitali na kifua kinachokusumbua, taja kasuku wako hata kama hukuulizwa.

Tundu lisikae chumba cha kulala, hasa kwa mwenye pumu, kwani kokatieli hutoa ungaunga mwingi kutoka manyoya yake. Na kinyesi kisifagiliwe kikavu. Kiloweshe kwanza kwa maji, ukifute kwa karatasi, kisha unawe mikono kwa sabuni.