Shida Si Komredi, Shida Ni Swali

Kila wiki kuna mkubwa fulani kwa runinga analia ati vijana wa vyuo hawajui kufikiri. Waajiri wanalia, maprofesa wanalia. Sasa niulize: ni lini mliwahi kuwapa mtihani wa kufikiri?

Na kabla uanze na "wewe uliacha chuo, utatufunza nini", ndiyo, niliacha mwaka wa pili. Karo ilinishinda, si ati nilikuwa kichwa sana. Lakini nilikaa huko muda wa kutosha kuujua ule mtihani. Hata wewe unaujua. "Jibu swali la kwanza na mengine mawili yoyote." La kwanza alama 30, hayo mengine 20 kila moja. Taja faida tano. Eleza sifa sita. Na hizo faida ziko kwa noti, na noti ziko kwa fotokopi, zile zile tangu enzi za Kibaki.

Kuna CAT moja niliamua kuuliza kama hizo faida ni faida kweli. Nikaandika kurasa tatu, nikapinga mbili kwa mfano wa kibanda cha mamangu cha mboga. Nikapata 9 kwa 30. Jamaa wa nyuma yangu, mwakenya kwa soksi, akapata 26. Nikaenda ofisini kuuliza. Lekchara akaniambia, bila ubaya hata kidogo, "Hukuandika zile nilizowapa."

Marekani kuna mtihani unaitwa Collegiate Learning Assessment. Swali lao moja la mfano liko hivi: wewe ni msaidizi wa mkubwa wa kampuni inayotaka kununua ndege ndogo ya aina fulani. Halafu ndege ya aina hiyo inaanguka. Wanakurushia rundo la karatasi, habari ya gazeti, ripoti ya ajali, barua pepe za ofisini. Ndege hiyo ina shida ama haina? Inunuliwe ama isinunuliwe? Hapo utakariri nini? Lazima upime karatasi gani ina uzito na gani ni porojo.

Wala si malaika hao. Mwaka 2011 Richard Arum na Josipa Roksa walitoa kitabu, Academically Adrift, baada ya kufuatilia wanafunzi zaidi ya 2,300 kwa mtihani huo. Asilimia 45 hawakuonyesha kuboreka kwa maana miaka miwili ya kwanza chuoni. Aibu, lakini angalau walipima wakajua. Na waliona kitu kingine: waliosomeshwa kozi zenye zaidi ya kurasa 40 za kusoma kwa wiki na kurasa 20 za kuandika kwa semesta walifanya vizuri zaidi. Kusoma na kuandika, basi.

Sisi mtihani wetu ulikuja Juni 2024, na haukuletwa na chuo chochote. Mswada wa Fedha. Nani aliusoma? Ni hawa hawa mnaosema hawafikiri. Komredi kwa hosteli, simu kioo kimepasuka, anapitia kifungu kwa kifungu: VAT ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 2.5 kwa gari. Anauliza nani ataumia, halafu anaeleza kwa Kiswahili, Kikamba, Kijaluo. Tarehe 26 Rais akasema hatatia sahihi, siku moja tu baada ya wenzetu kuuawa barabarani. Halafu unarudi darasani unaambiwa taja faida tano.

Naelewa, lekchara ana wanafunzi 300, na wengine wenu ni wa muda, malipo yanakuja yakitaka. Kusahihisha "taja" ni rahisi. Lakini siku hizi ChatGPT inataja hizo tano kabla umalize kukaa, kwa hivyo hizo alama unampa nani?

CAT ijayo jaribu hivi. Waje na noti zote, hata simu. Wape tangazo moja la mkopo wa simu, uwaulize: hapa nani anachezwa, na umejuaje? Jibu kurasa mbili. Halafu uchague kumi wasimame watetee walichoandika.

Makomredi, tupieni hapa chini swali la mwisho mliloulizwa kwa CAT. Langu lilikuwa "Eleza sifa sita." Za nini, sikumbuki.