Kimya cha Darasa Si Elimu

Msomaji, ukipita kando ya shule ya msingi ukasikia kelele zikitoka darasani, moyo wako hukuambia nini? Bila shaka utadhani kuwa mwalimu hayumo, au yumo lakini amelemewa. Ukipita kando ya darasa jingine ukakuta kimya, watoto sitini wameinamia madaftari, na mwalimu akitembea katikati yao kama mlinzi wa shamba la mahindi, utasema kuwa hapa pana elimu. Hukumu hii imekaa katika vichwa vya wazazi, vya walimu wakuu, na hata vya wakaguzi, nami naipinga. Nadai kuwa kimya kile aghalabu ni kimya cha ghala: vitu vimepangwa vizuri, wala hapana kilicho hai ndani yake. Nadai tena kuwa mchezo wa kuigiza, ambao watu wengi wauita upotezaji wa wakati, ni chombo bora cha kufundishia katika shule ya msingi, na kwamba tumekitupa.

Fikiri kwanza juu ya mtoto kabla hajavishwa sare. Nyuma ya nyumba, yeye na wenzake hucheza kalongolongo. Mmoja ni mama, mmoja ni baba, mmoja ni mwenye duka, na aliye mdogo kuliko wote hulazimishwa kuwa mtoto mchanga, apende asipende. Tope ni ugali, majani ya mti ni noti, kopo kuukuu ni gari la kwenda mjini. Mwenye duka akipunja, mnunuzi hulalamika. Mgonjwa akikataa dawa, daktari humbembeleza. Hapana aliyewaamuru, na hapana anayesinzia. Katika muda wa nusu saa wamepiga hesabu, wametumia lugha ya heshima na lugha ya ugomvi, na wameamua kesi moja au mbili. Kisha mtoto huyu afikapo umri wa kwenda shule twamwambia: sasa acha mchezo, uje usome. Ni sawa na kumwambia mtu aliyekwisha anza kuogelea: toka majini, uje uketi ukingoni nikueleze habari za maji.

Nitatoa mfano mmoja, nami nitakaa juu yake kidogo. Somo ni pepo za bahari na biashara ya pwani yetu. Kitabuni limeandikwa kwa mistari michache: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki tangu Desemba hata Machi, kusi huvuma kutoka upande wa kusini tangu Aprili hata Septemba, majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Mtoto huikariri mistari hiyo, huulizwa, hujibu, hupewa alama. Baada ya majuma matatu mwulize tena ni upepo upi uliowaleta wageni hao, naye atakuchagulia mmoja kama arushaye sarafu.

Sasa mtoe uani. Chora jahazi kwa chaki, au kwa kijiti ikiwa uwanja ni wa mchanga, urefu wake hatua 25. Lamu iwe chini ya mwembe karibu na jiko la shule. Maskati iwe penye mlingoti wa bendera, upande wa pili wa uwanja. Mtoto mmoja ni nahodha, mmoja ni karani, kumi ni mabaharia. Waliobaki ni wafanyabiashara wa Lamu, wakata boriti wa mikokoni, wachukuzi, wenye nyumba za kupangisha, na jamaa za mabaharia waliobaki Maskati wakingoja. Watoto wanne washike leso kwa pembe zake: hao ndio upepo. Wakisimama upande wa mlingoti ni kaskazi. Wakihamia nyuma ya jiko ni kusi. Mwalimu asisimame pembeni kutoa maelezo. Yeye naye awe dalali wa Lamu, mtu mwenye haraka na maneno mengi.

Nahodha amefika mwezi wa Februari. Ameshusha tende na chumvi, naye ataka kurudi kesho kwa kuwa amepata habari kuwa mkewe ni mgonjwa. Haya, na aondoke! Lakini wale wanne wenye leso wamesimama mbele yake, na upepo wampiga usoni. Jahazi haliendi. Hapo nahodha wa miaka kumi na mmoja hugutuka, na swali ambalo mwalimu angaliuliza, yeye huliuliza mwenyewe: basi nitangoja mpaka lini? Karani huhesabu miezi. Baharia mmoja husema tungoje Aprili, kusi lianze. Mwingine huuliza, je, tukikawia hata Juni? Dalali humwambia kuwa kusi likishika nguvu bahari huchafuka, na manahodha wenye akili huondoka mwanzoni mwake, au hungoja mpaka Agosti likipungua. Basi miezi yote hiyo mabaharia watakula nini? Watalala wapi? Watazungumza na nani, na kwa lugha gani? Mtoto mmoja husema, pengine wataoa hapa hapa. Darasa zima hucheka, na dalali hujibu kuwa ndivyo baadhi yao walivyofanya. Kumbe lugha hii ninayokuandikia haikujazwa maneno ya Kiarabu na watu waliopita njia tu. Upepo uliwalazimisha wakae.

Kisha huja biashara ya boriti. Arabuni miti ni haba, na nyumba zataka dari. Kwa hiyo boriti za mikoko zilikuwa mali kubwa ya Lamu hata katikati ya karne ya 20. Boriti huhesabiwa kwa korja, na korja moja ni 20. Karani aagiza korja 35. Mkata boriti ana boriti 640 tu. Je, zimepungua korja ngapi? Hesabu hii ikiandikwa ubaoni watoto huipiga kwa kupiga miayo. Hapa huipiga kwa makelele, kwa kuwa karani adai mali yake na mkata boriti asema ameitimiza. (Zimepungua korja tatu, nawe msomaji natumaini ulikwisha pata jibu.) Mtoto mwenye macho makali ataweza hata kuuliza kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba na virefu, naye atajibiwa kuwa upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti inayobeba dari yake.

Angalia kilichotendeka. Mtoto hakuambiwa kuwa upepo uliwazuia manahodha. Upepo ulimzuia yeye. Jambo lililomzuia mtu njiani hulikumbuka, kwa sababu lilimgharimu.

Wako wanaodhani kuwa fikira hii imeletwa juzi pamoja na mtaala mpya. La, hasha. Comenius, mwalimu mkuu aliyezaliwa mwaka 1592 katika nchi ambayo leo ni Ucheki, aliyageuza masomo ya kitabu chake kuwa michezo, akawapa wanafunzi wake wa Hungaria waiigize katika miaka ya 1650. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika kijiji cha Sompting kusini mwa Uingereza, mwalimu mkuu Harriet Finlay-Johnson aliwafundisha watoto wa wakulima historia na jiografia kwa njia hiyo hiyo. Baadaye akatokea Dorothy Heathcote, aliyezaliwa mwaka 1926, akaacha shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi katika kiwanda cha kufuma nguo za sufu, na mwisho akawa mwalimu wa walimu katika Chuo Kikuu cha Newcastle. Yeye aliwavika watoto joho la wataalamu: hakuwaambia wajifanye wanyama au malaika, bali aliwapa kazi ya watu wazima wenye ujuzi, waulizwe mambo na kutakiwa shauri. Mtoto aliyeombwa shauri hujitahidi kulijua lile ambalo angalilikataa kama lingekuja kwa amri. Wala sisi hatukuwangoja Wazungu watufundishe hili. Jandoni na unyagoni wazee wetu walifundisha kwa nyimbo, kwa sanamu na kwa maigizo, na aliyefundika hakuyasahau aliyofundwa.

Twasikia siku hizi kuwa katika baadhi ya shule za Ulaya kuna vyumba ambavyo kuta zake zote hufunikwa na picha zitembeazo, hata mtoto akaona yuko katikati ya msitu au chini ya bahari. Sivibezi vyumba hivyo. Mtoto wa Lodwar asiyepata kuiona bahari angefurahi kuingia humo, nami ningemfuata. Lakini nakataa neno la wale wasemao kuwa bila mitambo hiyo hatuwezi kuanza. Mwaka 2016 serikali yetu ilianza kugawa kompyuta ndogo katika shule za msingi, na kila aliyefundisha ajua kuwa kifaa hakifundishi kikiwa kabatini, wala hakifundishi sana kikiwa mkononi mwa mtoto atazamaye tu. Kutazama bahari ukutani na kuzuiwa na kusi uwanjani si kitu kimoja. Chumba cha picha humzunguka mtoto. Jahazi la chaki humtaka afanye uamuzi. Na gharama ya jahazi letu ni kipande cha chaki na leso ya kuazima.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulisomeshwa juu ya maigizo. Mkufunzi alisimama mbele, akatusomea kwa imla faida nane za maigizo, nasi tukaziandika zote nane. Hapana aliyeinuka kitini hata mara moja. Katika mtihani tuliulizwa faida tano tukazitaja. Mtu aliyefundishwa kuogelea kwa imla atamtia nani majini?

Husemwa kuwa madarasa ni makubwa. Ni kweli, na ni aibu ambayo wenye kugawa fedha za umma wapaswa kuijibu. Lakini darasa la watoto sitini ndilo lisilofaa kwa mhadhara, kwa kuwa aliye nyuma hasikii; jahazi, soko na bandari vina kazi kwa watu sitini na zaidi. Husemwa kuwa wakati hautoshi. Vipindi viwili vya dakika 35 vilivyotumiwa uwanjani vimefundisha jiografia, historia, hesabu na Kiswahili. Ni nani aliyepoteza wakati? Husemwa kuwa kuna mtihani. Mtihani wa K.C.P.E. ulikoma mwaka 2023, na mtaala wa umilisi umeandikwa wazi kuwa mtoto apimwe kwa analoweza kutenda. Ajabu ni kwamba hata huo tumeupindua. Mzazi hukesha usiku akitengeneza nyumba ya karatasi ngumu, asubuhi mtoto huibeba hadi shuleni, na mwalimu huitia alama. Aliyejifunza ni mzazi.

Kuna kosa jingine ambalo ni la kupendeza machoni, nalo kwa hiyo ni baya zaidi. Tumeigeuza drama kuwa mbio za kutafuta kombe. Kila mwaka shule huchagua watoto thelathini wenye sauti nzuri na viungo vyepesi, huwashonea mavazi, huwafanyisha mazoezi hata jua likazama, huwapeleka tamashani. Nayapenda matamasha, nimecheka na nimelia nikiyatazama. Lakini wale mia tano waliobaki shuleni wamepata nini? Huyo mtoto mwenye kigugumizi, huyo mwenye haya, huyo aliyehamia juzi asiyejua vizuri Kiswahili, ndio walioihitaji drama kuliko wote, nao ndio walioambiwa wakae wapige makofi.

Wala sisemi kuwa kila jambo laweza kuigizwa. Naliona kuwa kosa zito mwalimu anayewafunga watoto kamba na kuwauza mnadani ili wajifunze biashara ya utumwa. Mtoto aliyekuwa mtumwa kwa nusu saa mbele ya wenzake hajifunzi utumwa. Hujifunza kudhalilishwa, na mnunuzi wake hujifunza kuona raha. Kwa somo hilo wape joho la mtu mwingine. Wawe makarani wa Frere Town, mji wa watu walioachwa huru ulioanzishwa Mombasa katika miaka ya 1870. Chombo kimeteremsha watu, nao wapaswa kuandika majina yao. Je, watamwuliza nini mama aliyesahau jina la kwao? Ni swali gani lisilopasa kuulizwa? Nimeona watoto wakinyamaza kwa fikira mbele ya maswali hayo, na kimya hicho nakiheshimu.

Kama bado wadhani kuwa mchezo ni kitu chepesi, kumbuka habari za Kamirithu, karibu na Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho, katika kituo walichotumia kwa kisomo cha watu wazima, walijijengea kwa mikono yao uwanja wa michezo usio na paa, wakaigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Baada ya majuma machache serikali iliondoa ruhusa. Mwishoni mwa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini, na mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Sijasikia bado kuwa mtawala ye yote alibomoa darasa kwa sababu watoto walikuwa wakikariri ndani yake.

Nawe uliye katika shule ya upili, huenda baadhi yenu mtaingia vyuo vya ualimu, na wengine mtakuwa wazazi wa kuhukumu madarasa kwa kelele zake. Likizo ya Aprili itakapofika, nayo ndiyo majira ya kusi kuanza, mwulize ndugu yako mdogo ni kwa nini nahodha wa Maskati hakuweza kurudi kwao mwezi wa Februari. Akishindwa, mwombe mama leso, waite watoto wa jirani, na mti wo wote ulio karibu uwe mlingoti.